Titi Jipya na Damu ya Mtani

Siku titi langu lilipopasuka nilikuwa katikati ya ngoma, Kisarawe, kwenye sherehe ya kumtoa mwali, mjukuu wa dada yangu. Nilivaa sare ya kitenge niliyoishona mwenyewe, na upande wa kushoto wa kifua nilikuwa nimepachika kimfuko cha kitambaa chenye sponji kwa juu na mtama kwa ndani, ili uzito ulingane na wa upande wa pili. Ngoma ikanoga. Nikainama, nikazungusha kiuno, nikasikia kitu kinanitambaa tumboni. Nilipotazama chini, mtama ulikuwa unachuruzika kwenye pindo la gauni, na kuku wa pale nyumbani walikwisha kunizunguka, wanadonoa miguuni pangu bila hata haya.

"Msiwafukuze!" dada yangu akapiga kelele kutoka upande wa wapiga ngoma. "Mdogo wangu anatoa sadaka!"

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nikashika kifua, nikakimbilia ndani, na kuku nyuma yangu.

Lilikuwa titi la kushona. Nililozaliwa nalo lilitolewa miaka kadhaa kabla ya hapo, saratani ilipoingia, nikakatwa, nikapigwa mionzi, nikarudi nyumbani nikiwa hai na nimepwaya upande mmoja. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Mlandizi karibu na stendi, na fundi hawezi kuacha nguo imkae vibaya. Nilianza na sponji tupu. Lilikuwa jepesi mno, kila nikiinua mkono kutundika gauni linapanda mpaka karibu na shingo. Nikajaribu mchele, ukavunda kwa jasho. Mchanga ulinichubua. Mtama ndio ulionikubali, na habari zikaenea. Wanawake waliopitia kisu kama mimi wakawa wanakuja kibandani wakijifanya wanataka kupimwa gauni, halafu wananong'ona, "Na mimi nishonee la mtama."

Jioni ile ya ngoma dada alinikuta chumbani nimeshika sindano na uzi, natia kiraka. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, analima mihogo na korosho kule upande wa Maneromango, na ulimi wake haujawahi kupumzika.

"Hilo ghala la nafaka utalibeba mpaka lini?" akauliza.

Nikamwambia kuna mteja wangu kaniambia kwamba kwenye hospitali moja kubwa ya Dar madaktari wanamtengenezea mtu titi kwa nyama yake mwenyewe. Wanaichukua tumboni, wanaipandisha kifuani.

Dada akakunja uso. "Unamjengea nani? Mume tulishamzika."

"Na wewe ulipojenga choo cha vigae ulimjengea nani?"

"Nilijijengea mwenyewe. Nilichoka kuchuchumaa."

"Haya. Na mimi nimechoka kushona."

Akaniangalia, akaninyang'anya ile sindano mkononi, akamalizia kiraka yeye. Hivyo ndivyo alivyokubali kunisindikiza.

Daktari mpasuaji alikuwa mzee mpole anayeongea taratibu. Alinilaza, akalishika tumbo langu kwa vidole viwili, akalivuta kama mama anayepima unga wa maandazi umeumuka kiasi gani. "Hapa ipo ya kutosha," akasema.

Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kulisifu tumbo lile. Nikajisikia fahari.

"Daktari," dada akadakia kutoka kitini kwake, "ikibaki msiitupe. Mnibandike mimi hapa nyuma, nimekaukiwa."

Yule mzee akajikohoza. Kisha akarudi kwenye mambo ya maana. Upasuaji ule ni mrefu, akasema, na kidonda kinakuwa kikubwa, kwa sababu mtu anafunguliwa tumbo na kifua kwa pamoja. Akataka kujua upasuaji wa kwanza ulikwendaje. Nikamwambia ukweli: nilivuja damu nyingi, nikaongezewa, na mpaka leo harufu ya spiriti ikinipita puani nageuza njia. Akatikisa kichwa. Akasema ndugu zangu watangulie kuchangia damu iwe akiba, wanaweza kuchangia hukohuko Kibaha, na mimi nikaonane na daktari wa usingizi.

Daktari wa usingizi tulimkuta chumba cha mwisho kwenye ukumbi mrefu. Nilitegemea mtu wa kutisha. Alikuwa msichana mwenye miwani mikubwa, sauti laini, akaniamkia shikamoo kabla sijaketi, na dada akaitikia marahaba kwa ajili yetu wote wawili.

"Mama, kuna dawa nitakutilia kwenye dripu kabla hujakatwa," akaniambia. "Inasaidia usivuje damu nyingi."

Nikashtuka. "Inagandisha damu? Si itaniganda mwili mzima?"

"Hapana. Dawa yenyewe haigandishi. Mwili wako ndio unaogandisha damu pale ulipokatwa. Sasa, mwili huohuo una tabia ya kuanza kuyeyusha kile kilichoganda, wakati mwingine mapema mno, damu ikaanza upya. Dawa inauzuia usiyeyushe haraka. Basi."

Dada alikuwa amesogea mpaka ukingo wa kiti. "Ngoja. Mtoto akiumia goti, anaota kigaga."

"Ndiyo, mama."

"Halafu mtoto anakibandua, damu inatoka tena."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hiyo dawa inamshika mtoto mkono."

Yule msichana akavua miwani, akacheka. "Mama, hiyo nitawafundishia wanafunzi wangu. Ni dawa ya kigaga."

Dada akanigeukia, shingo imerefuka kama ya bata bukini. Nilijua habari hii itafika Kisarawe kabla yetu.

Lakini yule daktari hakuniachia hivihivi. Alinihoji kwa makini: nimewahi kuvimba mguu mmoja na kuambiwa damu imeganda ndani? Nimewahi kupatwa na kiharusi, au kifafa? Figo zangu zikoje? Akaeleza kwamba ile nyama ya tumboni inapandishwa pamoja na mishipa yake, na mshipa ukizibwa na damu iliyoganda, nyama inakufa. Ndiyo maana dawa inapimwa na inatolewa kwa kiasi. Na akasema nisije nikadhani ikishaingia basi damu ya akiba haina kazi. "Inapunguza, mama. Haitoi ahadi. Damu iwepo."

Damu iwepo, sawa. Itoke kwa nani? Dada alijaribu wa kwanza, wakamkuta na presha, wakamrudisha. Aliondoka pale amenuna, anasema presha wamempandisha wao kwa kumwuliza umri. Watoto wangu wawili wako mbali kwa kazi, na wajukuu wa dada bado wadogo. Nikabaki na mtani.

Mtani ni jirani yangu wa kibanda, fundi baiskeli, Mnyamwezi aliyehamia Mlandizi ujana wake na hakurudi tena Tabora. Mimi Mzaramo. Basi tangu siku ya kwanza alipofungua ufundi wake ubavuni mwangu tumekuwa tukitukanana kwa haki ya utani wa makabila yetu, mbele ya wateja, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Akipita anaomba msiba utokee kwangu aje arithi cherehani. Nami namjibu kwamba mtu aliyefika pwani akiwa na mzigo kichwani hajui hata kiti kinakaliwa upande gani.

Nilipomwambia nahitaji damu, aliweka pampu chini.

"Kumbe leo unaomba mwenyewe," akasema. "Ukishaingiza damu yangu utaanza kufanya kazi. Utaamka mapema. Utakuwa binadamu."

"Utatoa au hutatoa?"

"Nitatoa. Lakini ujue, nusu yako itakuwa Tabora. Na mimi nusu yangu nitaidai."

Nilikwenda naye Kibaha mwenyewe. Njia nzima alitamba, akamweleza kondakta kwamba anakwenda kumwokoa Mzaramo. Tulipofika, muuguzi akamlaza, akamfunga mpira mkononi, akatoa sindano. Mtani akaiona. Rangi ikamtoka, akaniomba khanga niliyojitanda.

"Ya nini?"

"Nifunike uso. Kuna baridi."

Kibaha, saa za mchana, jua kali. Nikamfunika. Akalala vile kama maiti, khanga yenye maua mekundu usoni, anahema kwa nguvu mpaka kitambaa kinapanda na kushuka, na damu yake inajaza mfuko taratibu. Muuguzi alikuwa anauma midomo. Walipompa soda na biskuti akapona papo hapo, akaomba soda ya pili. Jioni Mlandizi nzima ilikuwa imesikia alivyotoa damu bila kupepesa jicho, na mimi, kwa heshima ya ile damu, nilinyamaza. Kesho yake nikasema.

Baada ya hapo dada akanihamishia kwake Kisarawe ili aninenepeshe damu, kama alivyoita mwenyewe. Asubuhi matembele, mchana kisamvu, jioni maini, na katikati juisi ya maua ya choya kwenye kikombe cha bati. Nikilalamika ananiambia dawa ya kigaga itakuta nini cha kushika kama ndani hamna damu. Kwenye kipimo cha mwisho kabla ya upasuaji daktari akaridhika, akasema damu imepanda vizuri. Dada akamwambia, "Ni mihogo yangu hiyo," na mihogo yenyewe sikuwa nimepewa hata kipande.

Siku ya upasuaji nilisukumwa kitandani mpaka chumba chenye taa kubwa na baridi ya ajabu. Harufu ya spiriti ilikuwepo, na safari hii sikuwa na njia ya kugeuza. Nilikuwa naogopa. Nilijua wazi kwamba sikulazimika kuwa pale. Upasuaji wa kwanza ulikuwa wa kuokoa maisha, huu nilikuwa nimeufuata mwenyewe kwa miguu yangu. Nikawaza nitainuka nikimbie, nikakumbuka nimevaa lile joho lao lililo wazi nyuma.

Yule daktari wa usingizi akainama usoni kwangu. Nilimjua kwa miwani tu. "Mama," akasema, "dawa ya kigaga ndiyo hiyo inaingia."

Nikacheka, na kicheko hicho sikukimaliza, usingizi ulinichukua nacho.

Nilipofungua macho, dada alikuwa juu yangu, analia na kutabasamu, kamasi zinamtoka. Nikadhani nimekufa. Kisha nikasikia maumivu ya tumbo, nikaelewa niko hai. Kulikuwa na mipira myembamba inayotoka kwenye kidonda, imeungwa kwenye vichupa pembeni ya kitanda kukusanya damu iliyobaki ndani. Wauguzi walikuwa wanavipima na kuja kila mara kubonyeza ile nyama mpya kuona kama iko na joto. Mpasuaji alipopita, akasimama mguuni pa kitanda.

"Imekwenda vizuri. Umevuja kidogo kuliko tulivyoogopa. Hatukukuongezea damu kabisa."

"Dawa ya kigaga!" dada akasema.

"Dawa imesaidia," akakubali yule mzee, "na mikono yetu nayo tuitaje kidogo, mama."

"Na mikono," dada akasema, kwa sauti ya mtu anayempa mtoto pipi.

Baada ya siku chache mtani akaja kunitazama. Alivaa koti, amebeba machungwa. Alisimama mlangoni mwa wodi akauliza kwa sauti, wagonjwa wote wakageuka, "Yuko wapi yule mama wa Tabora?"

"Punguza kelele," nikamwambia.

"Unajisikiaje, mtani? Umeanza kutamani kulima?"

Dada alikuwa anasubiri nafasi hiyo tangu alfajiri. "Hawakuitumia damu yako," akamwambia, anamenya chungwa lake. "Waliitazama wakasema bora dawa."

Mtani akaniangalia mimi. Nikamthibitishia kwa kichwa.

"Haiwezekani. Nimedungwa bure?"

"Si bure, baba," muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu ya kitanda cha pili akamwambia. "Iko benki ya damu. Atapewa mwingine mwenye shida."

"Nani?"

"Huwezi kuambiwa."

Mtani akawaza kidogo. Halafu akarekebisha koti, akaanza kuzunguka wodi nzima, kitanda kwa kitanda. Kila aliyelala anamshika mkono kwa huruma, anamtazama usoni. "Pole, ndugu yangu wa damu. Ukipona uje Mlandizi, uulize fundi baiskeli." Mama mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu niletwe pale alicheka mpaka akashika mshono. Mimi nilishika wa kwangu kwa mikono miwili. Kucheka nilikatazwa kabisa, na watu wale wawili walikuwa wanajua.

Nilitolewa, nikarudi Kisarawe kwa dada kupona. Tumbo lilikuwa limevutwa likabana, sikuweza kusimama wima, nikawa natembea nimeinama mikono ikikaribia magoti. Dada akaniita mwokota korosho. Akiniona natoka chooni anasema, "Na hiyo ya kushoto umeiacha, iokote." Nilipomjibu kwamba choo chake cha vigae kinateleza, hakunisemesha mpaka chakula cha jioni.

Mtani alitufuata mpaka huko, kudai fidia ya damu yake iliyokataliwa. Aliingia uani bila hodi, akachagua jogoo, akamkamata. Dada alitoka jikoni na mwiko, akamkimbiza kuzunguka nyumba, jogoo anapiga kelele kwapani, mtani anapiga kelele zaidi ya jogoo, "Niue! Niue umalize damu yote!" Lakini kwa sheria ya utani kilichokwisha kushikwa kimeshikwa. Akaondoka naye. Dada alirudi anahema, akakaa kwenye mkeka, akafuta machozi ya kicheko kwa pembe ya khanga.

Siku niliyoondolewa bandeji za mwisho tulijifungia chumbani, mimi na yeye. Nikavua. Titi lilikuwa bado limevimba, lina mshono unaolizunguka, na chuchu halina. Madaktari walisema hiyo itakuja baadaye nikitaka.

Dada akalizunguka kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. "Kama andazi," akasema. "La kwanza, kabla mafuta hayajashika moto." Akanyoosha kidole, akafinya. "Unasikia?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Hapo nasikia tumboni." Kweli, au nilidhani hivyo. Tukacheka wote.

Halafu akapandisha blauzi yake. Alichukua mkono wangu, akauweka pembeni ya titi la kulia, karibu na kwapa. "Na hili nalo," akasema, "lifinye."

Kulikuwa na uvimbe. Wa mviringo, unateleza chini ya kidole.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya ngoma ya mwali."

Safari zote za Dar, matembele yote, matusi yote na mtani, alikuwa amelibeba hilo.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungeacha la kwako uhangaike na la kwangu. Tena nilitaka kwanza nikuone wewe unatoka kule mzima." Akashusha blauzi. "Mwoga si lazima awe Mnyamwezi."

Kesho yake tuliondoka alfajiri, mimi nimeinama, yeye kanishika kiwiko, watu wanatupisha njia wakidhani mgonjwa ni mimi. Kliniki walimpiga picha ya matiti, wakamwingiza chumba cha ndani. Nikabaki benchi na wanawake wengine. Nilijaribu kuomba dua, nikajikuta nahesabu vifungo vya gauni la mama wa mbele yangu na kuona kimoja kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Mlango ukafunguliwa. Dada akatoka, anafunga blauzi mbele ya watu wote.

"Ni maji!" akatangaza. "Kifuko cha maji tu! Daktari kachoma sindano kayavuta yote. Jamani, kumbe nilikuwa na kisima na bado nanunua maji ya ndoo!"

Benchi zima likaangua kicheko. Daktari kijana akatokea nyuma yake, akasema kwa upole kwamba maji yale watayapima kuhakikisha, na kwamba arudi waangalie tena, na awe anajikagua. Dada akaitikia yote ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeagizwa chumvi. Majibu yalipotoka, yalikuwa mema.

Lakini siku ile, tulipofika nje ya geti, alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akavua viatu, akaviweka kando. Nilikaa ubavuni mwake, taratibu, kwa sababu ya tumbo. Magari yalipita. Muuza karanga akatusimamia, akaona hatumtazami, akaenda zake. Kwa kweli sijui tulikaa kiasi gani.

Mwishowe akanyoosha mkono nimwinue.

"Nimekatazwa kunyanyua vitu vizito," nikamwambia.

"Mchoyo," akasema, akavaa viatu, akainuka mwenyewe.